Mdudu Mdogo wa Nyasi Anayedhuru Mahindi na Nepia: Jinsi ya Kumtambua

Wakulima wengi wa Thika na Ruiru hupanda mahindi na nyasi ya nepia katika kipande kimoja cha shamba, mara nyingi robo ekari au chini ya hapo. Mahindi ni chakula cha nyumbani. Nepia ni chakula cha ng'ombe wa maziwa. Yuko mdudu wa jamii moja anayeweza kuharibu vyote viwili, na wengi humpita kila siku bila kumwona.

Mdudu huyu ni mrukaji wa majani. Hana uhusiano wa karibu na panzi. Urefu wake ni takriban milimita 3, mwili umechongoka kuelekea nyuma, na mabawa hufunikwa juu ya mgongo kama paa la nyumba. Hatafuni jani, bali hulidunga na kufyonza maji yake. Ukimgusa huruka ghafla. Watoto wake hawana mabawa, na hutembea kwa ubavu kama kaa. Ukimtazama kwa lenzi utaona safu za miiba myembamba kwenye miguu ya nyuma.

Wa kuangaliwa zaidi kwenye mahindi ni wale wa jenasi ya Cicadulina. Rangi yao ni manjano hafifu, na kichwani, katikati ya macho, wana madoa mawili meusi. Kwenye nepia yupo Maiestas banda. Mwaka wa 2009 watafiti walithibitisha nchini Kenya kwamba ndiye anayeeneza ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, ambao umewasumbua sana wafugaji wa Bungoma na Busia.

Wanaishi wapi? Makao yao hasa ni nyasi fupi, laini na za kijani. Kiangazi cha Januari na Februari, nyasi za malisho zinapokauka, hukusanyika palipo na unyevu: kando ya mito ya Chania, Thika na Ruiru, kwenye mitaro, karibu na mabwawa na katika mashamba yanayonyunyiziwa maji. Nyasi hizo zikikauka au zikifyekwa, huhamia kwenye mahindi machanga yaliyo jirani. Ndiyo maana mahindi yaliyochelewa kupandwa, au yanayokuzwa kwa maji wakati wa kiangazi, hushambuliwa zaidi.

Kufyonza kwao pekee si hasara kubwa. Hatari ni virusi vya ugonjwa wa milia ya mahindi. Mdudu akishavipata kutoka mmea mgonjwa hubaki navyo maisha yake yote, ingawa havipiti kwenye mayai yake. Mtafiti H. H. Storey, akiwa Amani, Tanganyika, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba si kila mdudu wa aina hii anaweza kubeba virusi hivyo. Uwezo huo hurithiwa. Baadaye Storey alifanya kazi Muguga, hapa Kiambu.

Dalili kwenye mahindi ni mistari myembamba, myeupe au ya manjano, iliyokatikakatika na kufuata urefu wa jani. Huonekana kwenye majani yanayochipuka baada ya maambukizi. Ya chini hubaki kijani. Mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga unaweza kukosa gunzi kabisa. Kwenye nepia, dalili hujitokeza baada ya kukata: machipukizi mengi mafupi yenye majani madogo ya manjano. Kichwa cheusi chenye unga kama masizi ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na kuvu.

Mkulima afanye nini?

• Apande mahindi mapema mvua zinapoanza, pamoja na majirani.
• Asipande mahindi machanga kando ya mahindi makuukuu au nyasi mbichi. Ukanda wa udongo mtupu wa takriban mita 10 husaidia. Kwa shamba dogo, aache nafasi anayoweza.
• Ang'oe mimea yenye milia mapema. Virusi hivi haviambukizi watu wala ng'ombe, kwa hivyo mabua yanaweza kulishwa mifugo.
• Ang'oe shina la nepia lililodumaa pamoja na mizizi yake. Achukue mbegu ya nepia kwenye shamba ambalo ameliona likichipuka vizuri baada ya kukatwa, kwa sababu vipande vya shina hubeba ugonjwa.
• Aulize mbegu ya mahindi inayostahimili milia anaponunua dukani.

Kunyunyizia dawa nyasi zote za kando ya mto hakushauriwi: huua buibui na wadudu wanaowala warukaji hawa, na dawa huingia katika maji ya wote.

Ili kuwachunguza, weka beseni la manjano lenye maji na sabuni kidogo ukingoni mwa shamba kwa siku moja. Wadudu hawa huvutwa na rangi hiyo. Watakaonaswa, pamoja na jani lenye dalili, wapelekwe kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa yoyote.