Maji yanapoizidi chumvi: Hatari ya upungufu wa sodiamu katika damu

MAJI ni uhai, na kila mara watu huhimizwa wayanywe kwa wingi. Hata hivyo, mwili unapopokea maji kuliko yale ambayo figo zinaweza kuyatoa, kiwango cha sodiamu katika damu hushuka, na hali hiyo inaweza kusababisha kifo.

Sodiamu ni madini ambayo binadamu huyapata hasa kutokana na chumvi. Kazi yake kuu ni kudhibiti kiasi cha maji kilicho ndani na nje ya seli, na kuziwezesha neva na misuli kufanya kazi. Kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Kikiwa chini ya 135, mtu huhesabiwa kuwa na upungufu; kikishuka chini ya 125, upungufu huo ni mkubwa.

Wengi hudhani kwamba tatizo hili hutokana na kula chumvi kidogo. Ukweli ni kwamba aghalabu maji ndiyo yaliyozidi. Ni sawa na mchuzi uliokolea chumvi kisha ukaongezewa maji: chumvi ni ile ile, lakini mchuzi umechujuka.

Mfano wa wazi ulionekana katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka wa 2002. Watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza mbio hizo, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2005. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na watatu kati yao walikuwa katika hali ya hatari. Mwanamke mmoja aliyeshiriki mbio hizo alifariki kutokana na tatizo hilo.

Waliokuwa hatarini zaidi hawakuwa wale walioongoza, bali waliotumia zaidi ya saa nne na kunywa sana njiani, hata wakamaliza wakiwa na uzani mkubwa kuliko walipoanza.

Si wanariadha pekee wanaokabiliwa na hatari hii. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazomfanya mgonjwa aende haja ndogo mara kwa mara, huondoa sodiamu mwilini. Dawa kadhaa za kutibu sonona na kifafa pia zinaweza kuishusha.

Aidha, magonjwa ya moyo, ini na figo huufanya mwili ulimbikize maji. Nimonia, kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo nazo zinaweza kuchochea homoni inayoziamuru figo kuyahifadhi maji hata pasipo haja. Vilevile, anayetapika au kuendesha hupoteza maji pamoja na chumvi. Akirudishiwa maji matupu pekee, upungufu huzidi.

Watoto wachanga wamo hatarini kwa kuwa figo zao hazijakomaa. Mzazi anayezimua maziwa ya kopo kwa maji mengi ili yadumu, au anayempa mtoto maji badala ya kumnyonyesha, anaweza kumsababishia degedege. Ndiyo maana inashauriwa mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza.

Athari kubwa ya upungufu huu huupata ubongo. Sodiamu ikipungua nje ya seli, maji huingia ndani yake na seli huvimba. Viungo vingine vina nafasi ya kutanuka, lakini ubongo umezingirwa na fuvu. Mgonjwa huanza kwa kichefuchefu, kuumwa na kichwa na uchovu. Kisha huchanganyikiwa, hupatwa na kifafa na kupoteza fahamu, na hatimaye pumzi hukatika.

Upungufu unaojitokeza polepole hauna vishindo. Mzee huanza kusahau, kuyumba anapotembea na kuanguka, huku jamaa zake wakidhani ni uzee tu. Kipimo cha damu ndicho kinachoweza kubainisha chanzo.

Matibabu hutegemea kiini. Wapo wanaopunguziwa vinywaji, wapo wanaobadilishiwa dawa, na walio mahututi hutiwa mishipani maji yenye chumvi nyingi chini ya uangalizi wa daktari. Iwapo upungufu umedumu kwa siku kadhaa, kiwango hakipaswi kupandishwa kwa zaidi ya milimoli 10 hivi kwa siku, kwani kukipandisha kwa kasi kunaweza kuharibu neva za ubongo na kumwacha mgonjwa akiwa amepooza.

Kwa sababu hiyo, si busara kumbwiisha mgonjwa chumvi nyumbani. Wala tatizo hili si kisingizio cha kuongeza chumvi mezani, kwani Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku.

Mwenye afya anashauriwa anywe maji kulingana na kiu yake. Anayeharisha apewe chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, zikorogwe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Naye mkimbiaji anayechanganyikiwa au kuanguka baada ya kunywa maji mengi asiongezewe mengine, bali apelekwe hospitalini haraka akapimwe damu.