Waya wa Kupeleka Umeme Bwawani

Tangu mwaka 2010, kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ilipoanza kuleta Pemba umeme wa gridi ya taifa, vyama vya ushirika kisiwani vimeweza kufikiria mashine ambazo zamani za majenereta ya dizeli ya Wesha haikuwa rahisi kuzitegemea. Chama cha Jadida, Wete, kikitaka kuweka pampu ya umeme kwenye bwawa la samaki, yaelekea kamati itajadili bei ya pampu kwa saa nzima, na waya utaachiwa mweka hazina atafute ulio rahisi. Hapo ndipo fedha za wanachama hupotea, na pengine roho ya mtu.

Waya huchaguliwa kwa umbali kwanza. Tuseme pampu ya kilowati moja na nusu, ivutayo ampea 10 kwa volti 230, nayo iko mita 80 kutoka kwenye mita ya umeme. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5 huweza kubeba ampea hizo bila kupata moto, na fundi akisema hivyo hasemi uongo. Lakini njiani zitapotea volti 14 hivi, yaani zaidi ya asilimia 6, wakati kiasi kinachokubaliwa kwa kawaida ni asilimia 5. Tena mashine inapoanza kuzunguka huweza kuvuta ampea 50. Kwa dakika hiyo zitapotea volti zipatazo 70. Pampu itanguruma bila kuzunguka, na mwishowe koili zitaungua. Kisha lawama zote humwangukia aliyeuza pampu! Waya wa milimita 6 hupoteza volti zisizofika 6 pampu ikiwa kazini, na kama 29 inapoanza. Mita 80 hizo hazina budi kupimwa kwa kufuata mtaro utakaochimbwa, si kwa kukisia kwa macho.

La pili ni maji. Wavuvi wa bwawani husimama majini na nyavu mikononi, na mwili uliolowa hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo kebo iwe na waya wa ardhi wake peke yake, tangu kwenye mita hadi kwenye pampu. Usiunganishwe na waya baridi huko bwawani kwa nia ya kuokoa shilingi. Pia iwekwe swichi inayokata umeme unapovuja ampea 0.03, nayo haichukui nafasi ya waya wa ardhi. Mabwawa ya kuogelea ya majumbani hufuata kanuni hizo hizo, na zaidi ya hapo vyuma vyote vilivyo karibu na maji huunganishwa pamoja kwa waya.

Kebo ya kuzikwa iwe ile yenye nyuzi za chuma zinazoikinga na jembe. Waya wa nyumbani uliotiwa ndani ya mpira wa maji haufai kufukiwa hivyo hivyo. Shaba ni ghali kuliko aluminiamu, lakini penye hewa ya chumvi viungio vya aluminiamu huharibika upesi.

Swichi hiyo ina kitufe cha kuijaribia. Kibonyezwe kila mwezi, na jina la mwanachama aliyepewa kazi hiyo liandikwe katika kumbukumbu za kamati.