Muuguzi wa Shule Anapohama Kabla ya Mkataba Kwisha

Kilole ni kata ya mji wa Korogwe, mkoani Tanga, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Tuchukue mfano wa muuguzi wa shule binafsi ya bweni mahali kama hapo. Ana mkataba wa miaka 2, na kabla haujafika nusu, mumewe anahamishiwa Mwanza. Familia haina budi kuhama. Yeye afanyeje?

Wengi hudhani kwamba notisi ya siku 28 yatosha. Kwa mkataba wa muda maalumu, sivyo ilivyo. Kanuni za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 zinaeleza kuwa mwajiriwa wa aina hii hujiuzulu kabla ya muda pale tu mwajiri anapokiuka mkataba kwa kiwango kikubwa. Pasipo ukiukaji huo, njia halali ni kukubaliana na mwajiri kuumaliza mapema. Kuhama kwa familia si kosa la mwajiri. Kwa hiyo barua ya muuguzi iwe ombi, na makubaliano yawekwe kwa maandishi. Aanze kwa kuusoma mkataba wenyewe, kwani huenda una kifungu cha kuuvunja kwa notisi. Akiondoka, anastahili ujira wa kazi aliyokwisha kuifanya, malipo ya likizo aliyoilimbikiza na cheti cha utumishi. Muuguzi wa serikali ana njia nyingine: huomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na utumishi wake haukatiki.

Hata hivyo, sahihi mbili kwenye karatasi hazimlindi mwanafunzi. Mwenye kifafa akikosa dawa ghafla, hata kwa siku chache, aweza kupatwa na degedege lisilokoma. Kwa mwenye selimundu, homa ni dharura, na malaria ni hatari kubwa zaidi kwake. Mwenye pumu hana muda wa kungoja ufunguo wa kabati utafutwe usiku. Mara nyingi mambo haya yamo kichwani mwa muuguzi mmoja tu, naye akipanda basi huondoka nayo.

Kwa hiyo kipindi cha kusubiri kuondoka kitumike kukabidhi. Kwa kila mwanafunzi mwenye ugonjwa sugu iandikwe karatasi moja: dawa na dozi, tarehe ya kliniki, dalili za hatari, simu ya mzazi, na kituo cha kumkimbizia, kwa shule za Korogwe, Hospitali ya Magunga ni mojawapo. Dawa zihesabiwe mbele ya anayepokea, na rejesta isainiwe na wote wawili. Ikiwa mrithi hajapatikana, uongozi ukubaliane na kituo cha afya kilicho karibu, na matroni afundishwe huduma ya kwanza, si kugawa dawa kwa kukisia.

Siri nayo ina mipaka yake. Hali ya mwanafunzi anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hukabidhiwa kwa mhudumu wa afya, kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, wala haitangazwi katika ofisi ya walimu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo.

Shule nazo zijifunze kuandika katika mkataba, tangu siku ya kwanza, namna ya kukabidhi. Mke au mume kuhamishwa kikazi ni jambo la kawaida. Mtoto kukosa dawa kwa sababu hiyo lisiwe la kawaida.