Kindu: Kumbukumbu ya maafa inaweza kufundisha watoto na kusaidia familia

Nchini Italia, miji mingi ina barabara zenye jina la Kindu. Huko Pisa, karibu na kiwanja cha ndege, kuna jengo la kumbukumbu ya wanajeshi wa anga 13 waliouawa hapa, katika mji mkuu wa Maniema, tarehe 11 Novemba 1961. Kila mwaka watu hukusanyika pale kuwakumbuka. Msiba wa kandokando ya Lualaba umekuwa somo Ulaya. Je, mtoto wa Kasuku, Mikelenge au Alunguli anaufahamu?

Waitalia hao walifanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa. Ndege zao mbili aina ya C-119 zilitoka Kamina zikiletea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa Kindu. Wakati huo Congo ilikuwa na mwaka mmoja tu na miezi michache ya uhuru, Katanga ilikuwa imejitenga, na Lumumba alikuwa ameuawa Januari ya mwaka uleule. Askari wa Congo waliokuwa upande wa Stanleyville, leo Kisangani, waliwadhania kuwa mamluki wa Katanga. Waliwakamata na kuwaua wote. Baadaye miili ilipatikana katika makaburi ya kijiji cha Tokolote, na Machi 1962 ikarudishwa kwao.

Lakini Kindu haikupoteza wageni peke yao. Julai 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Novemba jeshi la serikali likaurudisha, likisaidiwa na mamluki. Oktoba 1998 RCD ikaingia. Katika vita hizo familia za hapa zilipoteza baba, mama na watoto, na majina yao hayakuandikwa kwenye barabara za nchi yoyote.

Ukipanda mto kuelekea Kasongo, utafika Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua risasi katikati ya soko. Livingstone alikuwa pale, akaandika kwamba waliokufa walikuwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Karatasi ilikuwa imemwishia, hivyo aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Mwaka 2011 wataalamu walitumia picha za mwanga maalum ili kuyasoma tena maandishi hayo yaliyofifia.

Basi historia tunayo. Kinachohitajika ni kuitengeneza iwe masomo, na masomo hayo yaache kitu mkononi mwa wakaaji. Majirani wameonyesha njia. Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, leo wageni hulipa kiingilio na waongozaji wa hapohapo huwaeleza yaliyotokea. Rwanda ina maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Goma nayo ilijengwa upya juu ya mawe ya Nyiragongo yaliyofunika sehemu ya mji Januari 2002. Kuta nyingi za pale ni mawe hayohayo, na mwalimu anaweza kufundishia hapo bila kitabu.

Kwa Kindu, si lazima kuanza na jengo kubwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1961 leo amepita 70. Kazi ya kwanza ni kuketi na wazee hao na kurekodi sauti zao kabla hawajaondoka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu wanaweza kuifanya kwa simu tu. Kazi ya pili ni kupanga njia ya matembezi ya shule, na kufundisha vijana kuwa waongozaji. Mgeni akifika siku moja, atahitaji moto, mtumbwi, chakula na kitanda, na franga zake zitabaki mtaani.

Wageni si wa kutegemea mara moja, kwa sababu safari ya kufika Maniema ni ngumu na usalama wa mashariki unawaogopesha wengi. Ndiyo maana wa kwanza kutembelea wawe watoto wetu wenyewe.

Tena ukweli usemwe wote. Waliowaua Waitalia walikuwa wana wa nchi hii, na mwaka 1964 damu ilimwagwa na pande zote mbili. Kumbukumbu inayoficha upande mmoja haiponyi, inachochea kisasi.

Sheria ya Desemba 2022 juu ya kuwalinda na kuwalipa fidia wahanga wa vita imefungua mlango, na tarehe 2 Agosti nchi inawakumbuka waliokufa. Siku hiyo, mwalimu wa Kindu angeweza kuwapeleka wanafunzi wake ukingoni mwa mto pamoja na mzee mmoja wa mtaa, wakamsikiliza. Kuanza hivyo hakungoji bajeti ya Kinshasa.