Mbegha Mezani: Visa vya Giza kwa Wachezaji Watu Wazima (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza mchezo wenyewe. Watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake. Dadu huamua pale jambo linapokuwa na shaka. Leo naingia mahali panapowatia hofu wazazi wengi: visa vya giza, vile visivyowafaa watoto.

Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Visa vya mwanzo vilikuwa vya kushuka mapangoni, kuua majoka na kutoka na dhahabu. Giza lilinoga baadaye. Mwaka 1981 Sandy Petersen alitoa Call of Cthulhu, ambamo mhusika hupotewa na akili kidogo kidogo kadiri anavyogundua siri. Mwaka 1983 Tracy na Laura Hickman wakatoa Ravenloft, kisa cha mtawala aliyemuua ndugu yake kwa kumtamani mchumba wake, kisha akabaki mfungwa ndani ya ngome yake mwenyewe. Tangu hapo vimetungwa visa vingi vya namna hiyo, na vingi ni dhaifu, kwa sababu watunzi hudhani giza ni wingi wa damu. Damu haitishi mezani. Mchezaji akisimuliwa maiti ya kumi, anachota karanga na kuendelea kutafuna. Kinachomfanya aache kutafuna ni pale anapotakiwa kuamua jambo ambalo, vyovyote atakavyoamua, kuna mtu ataumia.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona vijana wa Korogwe na Handeni wakitunga visa vyao kwa kuazima ngome na theluji za Ulaya. Kisa cha giza kilichopikwa kikaiva kiko mlangoni kwao. Abdallah bin Hemedi, karani wa Semboja, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, na wamisionari wa UMCA pale Magila wakakichapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilikitoa upya kikiwa kitabu kimoja. Anayetaka kutunga kisa cha watu wazima aanzie hapo.

Mbegha alikuwa mwindaji wa Ngulu, upande ambao leo uko Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni. Aliota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kigego, na kwa mila za wakati ule kigego hakuachwa aishi. Wazazi wake hawakumuua. Lakini ukubwani ndugu zake wakamnyima urithi kwa sababu hiyo hiyo, wakimwona mkosi wa ukoo. Akahamia Kilindi, akawa rafiki wa mtoto wa mkuu wa huko, wakawa wanawinda nguruwe pamoja. Siku moja nguruwe akamuua yule kijana.

Msimulizi asimame hapo, asikimbilie mbele. Tuseme wachezaji ni wawindaji waliofuatana na Mbegha. Jua linazama, mtoto wa mkuu amelala kwenye nyasi, paja limepasuliwa, na mbwa wamenyamaza. "Mnafanya nini?" Mmoja anasema wambebe, wakasimame mbele ya baba yake na kusema kweli. Mwingine anamkatiza: "Kaka, baba yake atatumaliza sote." Wa tatu anauliza kama kuna mtu aliyewaona wakitoka pamoja asubuhi. Swali la huyo wa tatu ndilo kisa chenyewe. Hakuna zimwi hapo wala uchawi. Kuna mtu mwema anayeanza kupima namna ya kuficha kifo cha rafiki yake.

Katika kitabu walikimbia. Wakaishi porini kwa uwindaji, kisha Mbegha akapanda milima ya Usambara. Wakulima walioteswa na nguruwe mashambani wakampokea kwa nyama aliyowapa, akafika Bumbuli, na mwisho Vugha, ambako aliua simba na watu wakamfanya mfalme wao. Mtoto aliyepaswa kuuawa akawa baba wa nasaba ya Wakilindi. Wachezaji si lazima wafuate njia hiyo. Wakiamua kurudi na maiti Kilindi, msimulizi awe tayari na baba aliyefiwa, si na jeshi la kuwakata vichwa.

Semboja, bwana wa yule karani Abdallah, nampitia haraka, kwa kuwa atakuwa na sehemu yake. Baada ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, kufariki mwaka 1862, ufalme ulipasuka. Semboja akakaa Mazinde, chini bondeni, palepale mabasi ya Moshi yanapopita leo baada ya Mombo, akashika njia ya misafara na bunduki zake. Katika vita vile watu waliokamatwa waliuzwa pwani.

Handeni ina kisa kizito zaidi, na hapa naomba msomaji awe makini. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwakumba Wazigua. Walioelemewa walijiweka rehani, wao na watoto wao, ili wapate chakula. Masimulizi ya Wazigua wa Somalia yanasema wazee wao waliahidiwa kazi na chakula, wakapandishwa vyomboni, wakajikuta wameuzwa Banadir, pwani ya Somalia. Baadaye kundi likatoroka likiongozwa na mwanamke, Wanakhucha, kwa nia ya kurudi kwao kwa miguu. Wakaishia kwenye misitu ya Mto Juba, wakalima huko na kukitunza Kizigua chao. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya tena, na baadhi wakarudi Tanzania kama wakimbizi: kwanza Mkuyu, kisha tangu 2003 Chogo, Wilaya ya Handeni, ambako walipewa ardhi na wengi wao wakapata uraia.

Basi anayetunga kisa cha njaa ile ajue kwamba mjukuu wa mhusika wake anaweza kuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake. Hilo halimzuii kutunga, ila linamtaka awe na adabu. Ron Edwards aliandika mwaka 2003 kuhusu mistari na mapazia. Mstari ni jambo lisiloingia kabisa katika kisa. Pazia ni jambo linalotokea bila kusimuliwa, mlango ukifungwa na kisa kikiendelea asubuhi yake. John Stavropoulos naye alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa, msimulizi anageuza kisa papo hapo, wala haulizi sababu. Bibi zetu hawakuhitaji kadi: kabla ya kusimulia walitazama nani amekaa jikoni, na watoto wakiwapo kisa kilipita njia nyingine. Mezani wachezaji hawajuani kiasi hicho, kwa hiyo wakubaliane kabla dadu ya kwanza haijatupwa.

Mimi naweka ubakaji nyuma ya mstari katika kila meza ninayosimamia, bila mjadala. Naweka huko pia hirizi za viungo vya binadamu. Nimeona visa vinavyovifanya viungo hivyo kuwa hazina yenye nguvu, mhusika akiipata anapanda daraja. Katika nchi ambamo watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa kwa imani hiyo hiyo, kumtuza mchezaji kwa kuvipata ni kuipa imani ile heshima. Kigego anaweza kuingia kisani, maana bila yeye hakuna Mbegha, lakini aingie kama mtu tunayemsikia akisema, si kama laana ya kuondolewa.

Jambo moja la ufundi limebaki. Dadu zitupwe kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya homa, kwa ajili ya doria ya wenye bunduki karibu na Mazinde. Mama wa Kizigua akiwa na watoto watatu na pishi moja ya mtama, na mfanyabiashara akimngoja uani, msimulizi aweke dadu mfukoni. Jibu litoke kinywani mwa mchezaji, na apewe muda wa kulitafuta hata kama meza nzima itakaa kimya dakika tano.

Wiki ijayo: njia ya misafara kutoka Pangani hadi Mazinde, na namna ya kuigawa katika vikao vitatu vya mchezo.