Noeli ya Goma: ziwa liko karibu, lakini mulango wa kulifikia ni mwembamba

Tarehe 25 Desemba, kisha misa ao ibada ya asubuhi, wazazi wa Goma wanaulizwa na watoto swali moja: leo tunaenda wapi? Nguo mupya zimekwisha kuvaliwa, wali na kuku viko kwenye moto, na hakuna mutoto mwenye kukubali kubaki katika parsele siku ya Noeli. Muji huu umejengwa kando ya ziwa Kivu. Mutu mwenye kuutazama kwenye karata tu atafikiri kwamba jibu ni jepesi. Wazazi wanajua kwamba si jepesi, na Noeli hii ya 2025 imezidi kuwa ngumu.

Simu ndiyo inachochea swali. Ndugu wenye kuishi Paris ao Brussels wanatuma picha kwa WhatsApp: watoto wao wamevaa masikio ya panya Mickey, nyuma yao kuna muti mukubwa wa Noeli na ngome ya rangi ya waridi yenye minara. Mahali pale ni Disneyland Paris, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 kule Marne-la-Vallée, karibu kilometa 30 mashariki mwa Paris. Haifungi hata siku ya Noeli. Sherehe zinaanza mwezi wa Novemba na kuendelea mupaka siku za kwanza za Januari, na teluji ya bandia inaangushwa juu ya barabara yake kubwa hata kama mbingu ni safi. Wenye makuta wanalala katika hoteli za hapo hapo, asubuhi wanatoka kitandani na kukuta michezo iko mbele ya mulango. Katika siku za likizo tiketi ya mutu mukubwa mumoja inaweza kupita euro 100, na hapo haujala wala haujalala. Picha hazionyeshi hesabu hiyo. Hazionyeshi pia mustari wa kusubiri saa nzima kwa ajili ya kuzungushwa dakika tatu.

Mutoto wa Goma anaona picha ile, anauliza kama sisi pia tuko na mahali vile. Hatuna. Lakini tuko na vitu ambavyo wenye mabustani ya namna ile wanavijenga kwa mamilioni ya dola. Kule Japani, bustani ya Tokyo DisneySea, iliyofunguliwa mwaka wa 2001, ina volkano ya bandia katikati yake, inaitwa Mount Prometheus, na inatoa moshi na moto ili wageni washangilie. Ya kwetu, Nyiragongo, ina mita 3.470 na haifurahishi mutu kwa saa zilizopangwa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wake ulipita katikati ya muji na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho magaribi, ulishuka tena na watu wakakimbia usiku wakibeba magodoro. Watoto wenye kucheza mupira kwenye mawe meusi ya Goma wanacheza juu ya volkano, bila tiketi.

Hata mahali pa kulala kando ya maji pako. Kisiwa cha Tchegera, chenye umbo la mwezi mwandamo kwa sababu ni ukingo wa shimo la volkano ya zamani, ni sehemu ya Parke ya Virunga, ambayo mwaka huu imetimiza miaka 100 tangu ilipoundwa tarehe 21 Aprili 1925. Parke ilijenga pale kambi ya mahema mazuri, yenye kutazama milima ya moto kutoka katikati ya ziwa. Wageni walikuwa wanafika kwa mashua, wanakula, wanaogelea, wanalala. Kambi ile ilikuwa ya wenye dola hata mbele ya vita, na wakaaji wengi wa Goma hawakuiona zaidi ya kwenye picha, sawa vile wanaona Disneyland.

Kwa familia ya kawaida, basi, inabaki ukingo wa ziwa hapa mujini. Na hapo ndipo tatizo liko. Toka upande wa mupaka, pita Himbi, endelea mupaka Kyeshero: kwa sehemu kubwa unaona kuta. Nyuma ya kuta ni hoteli, nyumba za wakubwa, maofisi. Maji unayasikia, hauyaoni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, nayo sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka maziwa katika mali ya watu wote. Katika Goma viwanja vya ukingo viligawiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, na leo raia anafika ziwani kwa njia chache nyembamba.

Moja ya njia hizo ni Kituku. Pale hapakuwa mahali pa sikukuu hata siku moja: ni bandari, ni soko, ni mahali pa kuchota maji. Ni pale pia mashua Merdi, yenye kutoka Minova, ilizama tarehe 3 Oktoba 2024 ikiwa imebakiza mita chache kufika, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya ndugu zao waliokuwa wakiwangojea. Watu walikuwa wanapanda mashua vile kwa sababu vita ilikuwa imekata barabara ya Sake. Kuna wazazi ambao tangu siku ile hawataki mutoto wao akaribie maji yale, Noeli ao si Noeli.

Kwa watoto wengi wa Katoyi, Majengo ao Ndosho, ziwa ni bidon ya manjano juu ya chukudu. Wanalinywa, wanaoga nalo, lakini kulitazama wakiwa wamekaa chini bila kazi ni jambo la mara moja kwa mwaka, kama lipo.

Wenye kuwa na kitu kidogo wanaenda hotelini. Katika hoteli za kando ya ziwa haulipi kutazama maji, unalipa sukré, chips, brosheti, na pisini kama mutoto anataka kuogelea. Fanya hesabu ya watoto wane: motari wa kwenda na wa kurudi, chupa nne, sahani mbili za kugawana. Mama mwenye kuuza makala ao nyanya katika soko la Virunga anaona kwamba faida ya siku nyingi imeisha kabla jua halijalala. Ndiyo sababu unakuta familia imekaa karibu na chupa mbili tu kuanzia saa sita mupaka saa kumi na moja, huku mwenye kutumika mezani akipita na kupita. Tunawapongeza hao wasioona haya. Chupa mbili zimelipwa, na viti ni vya kukalia.

Mwaka huu hesabu ile imevunjika zaidi. AFC/M23 waliingia Goma mwisho wa mwezi wa Januari 2025. Mwezi ule ule benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Wafanyakazi wengi wa mashirika, ambao ndio walikuwa wanajaza hoteli na kulipa mishahara ya walinzi, wapishi na wafagiaji, waliondoka. Mwenye hoteli analia, mwenye kutumika hotelini analia, na mutoto haelewi kwa nini mwaka jana kulikuwa Fanta.

Wengine wanavuka. Kule Gisenyi, ngambo ya mupaka, kuna plaje ya watu wote na barabara yenye miti kando ya maji. Mutu anakaa kwenye muchanga bila kuulizwa anakunywa nini. Ziwa ni lile lile. Kilichotofautiana ni kwamba Rwanda iliamua kuhesabu mita 50 za ukingo wa ziwa kuwa mali ya umma. Kusema hivyo katika Goma ya leo ni kuzito, tunajua. Kuna familia ambazo zimezika mutu mwaka huu na hazitakanyaga ngambo ile hata kama plaje ingekuwa ya dhahabu, na hakuna mwenye haki ya kuwahukumu. Kuna zingine zinazochukua jeton asubuhi, zinavusha watoto, na kurudi mbele mupaka haujafungwa. Muji wa Gisenyi ndio ulipotiwa sahihi, tarehe 20 Septemba 1976, mapatano ya CEPGL ambayo yalitaka watu wa Kongo, Rwanda na Burundi watembeleane bila shida.

Wasiovuka na wasio na chupa mbili wanaenda Rond-point Tshukudu, kwenye sanamu ya rangi ya zahabu ya mutu mwenye kusukuma chukudu. Watoto wanasimama mbele yake, miwani myeusi usoni, mikono kiunoni, wapiga picha wanaita. Picha ile pia inatumwa Ulaya kwa WhatsApp, na kuna mutoto wa Brussels mwenye kuuliza kile kitu cha mbao ni nini, na kama anaweza kukipanda.

Kwa wenye kupeleka watoto ziwani tarehe 25, hasa upande wa Kyeshero, Bulengo na Mugunga: kando ya ziwa Kivu kuna mazuku. Hewa ile mubaya ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na inakusanyika katika mashimo na mabonde usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujapiga. Mutoto ndiye anaanguka wa kwanza, kwa sababu kichwa chake kiko chini. Musifike pale mbele ya jua kupanda vizuri, musiache mutoto ashuke shimoni kufuata mupira, na mukiona panya ao ndege wamekufa pahali pamoja bila kidonda, muondoke mara moja. Ukingo unashuka kwa gafula katika sehemu nyingi; mutoto asiyejua kuogelea abaki pale ambapo maji hayapiti magoti.