Mkono unajua, karatasi hakuna

Ukiingia Katwe, hapa Kampala, kutokea Clock Tower, masikio yanafika kabla ya macho. Grinda inalia, nyundo inaitikia, na moshi wa kulehemu unakukaba kabla hujaona mlango wa kwanza wa chuma uliosimamishwa kando ya barabara. Hapa hutengenezwa mageti, sigiri, mashine za kusaga mahindi na za kufyatua matofali. Kijana anayejifunza kazi hapa mara nyingi hakuandikishwa chuo chochote. Alianza kwa kushikilia mlango usitikisike wakati fundi anachomelea. Baada ya wiki kadhaa akapewa nyundo ndogo ya kugonga lile ganda jeusi linalofunika chuma likishapoa. Ganda likitoka lote kwa mara moja, fundi anaitikia kwa kichwa. Likigoma kutoka, au chini yake pakawa na matundu, kazi inarudiwa. Mtihani wenyewe ni huo, tena hufanywa mara ishirini kwa siku.

Sisi tuliovuka mpaka kutoka Kongo, pale Bunagana na Mpondwe, tukafikia Katwe, Nsambya na Makindye tunawajua vijana hawa, maana wengine ni wetu. Tunawajua pia maseremala wa Bukavu na Goma waliokuja na ujuzi wa miaka kumi, leo wanazungusha vitenge mabegani chini ya jua huku wakikwepa askari wa jiji. Mkimbizi anayeishi Kampala hapati posho ya chakula kama baadhi ya walio kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali. Akichagua mji, amechagua kujitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi, na katika hilo Uganda imetutendea wema ambao nchi nyingi hazijautenda. Lakini ruhusa haikupi mteja. Mwenye jengo anataka kuona karatasi, na karatasi ya ufundi ndiyo tuliyoikosa.

Basi tuizungumze, kwa sababu wengi wanadhani ni lazima kurudi darasani miaka miwili. Mwaka 2008 Uganda ilipitisha sheria ya elimu ya ufundi iliyoweka mfumo wa kitaifa wa sifa za ufundi, na idara ya mafunzo ya viwanda, DIT, pale Lugogo ikapewa kazi ya kupima watu. Mfumo huo unauliza unaweza kufanya nini. Hauulizi ulisomea wapi. Seremala hupewa kazi, vifaa na muda, na mpimaji husimama akiangalia: anapimaje ubao, anashikaje msumeno, kiungo kimekaa sawa au kinacheza. Anayeweza kazi yote hupata cheti cha ngazi. Anayejua sehemu tu ya kazi, tuseme kupiga plasta lakini si kujenga msingi, hupimwa kwa sehemu hiyo na kuandikiwa hiyo. Kwa mafundi waliojifunzia kazini kuna hati iitwayo Worker's PAS, inayotaja ujuzi ambao mtu ameonyesha kwa mikono yake. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya 2008, na upimaji wa ufundi ukawekwa chini ya bodi moja iitwayo UVTAB. Kwa hiyo ukisikia watu bado wanasema "karatasi ya DIT", jua mlango wa kubisha siku hizi ni UVTAB.

Nimesisitiza hili kwa sababu naamini ndipo jumuiya yetu inapopoteza zaidi. Tunakimbilia kumwandikisha kila mtu kwenye mafunzo mapya, hata fundi aliyekwisha kuiva. Mama aliyeshona suti Uvira miaka minane anakalishwa miezi sita akifundishwa kutia uzi kwenye sindano. Huyo hahitaji mwalimu, anahitaji kupimwa.

Kwa asiye na kazi mkononi, milango ipo. Chuo cha ufundi cha Nakawa kilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, na mpaka leo fundi aliyepita pale huheshimiwa kwenye karakana za magari na umeme, ila karo na vyeti vya shule vinavyodaiwa huwazuia wengi wetu. Shirika la UYDEL, lililoanza mwaka 1993, huwachukua vijana wa mitaa kama Bwaise na Nateete na kuwapeleka kwa mafundi wenye karakana zao, wajifunze kazi huku wateja halisi wakingoja. Mimi naupenda mtindo huu kuliko wa darasani. Kijana hutoka akijua kulehemu, na pia kujadili bei na mteja mkaidi.

Na tuna shirika la kwetu wenyewe. YARID ilianzishwa mwaka 2007 na vijana wa Kikongo hapa hapa Kampala. Walianza na mpira wa miguu ili vijana wa makabila yaliyogombana nyumbani wakutane uwanjani, kisha wakaona tatizo kubwa ni lugha, wakafungua masomo ya Kiingereza. Baadaye zikaja cherehani na kompyuta. Mpangilio huo una busara yake. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, nasi tulifurahi, lakini mteja wa Makindye bado anazungumza Kiganda. Fundi asiyeweza kuuliza "unataka dirisha lifunguke upande gani?" atakosea dirisha. Faraja ni kwamba vifaa vyenyewe vinatusalimu: Mganda husema omusumaali na omusumeeno, nasi tunaelewa bila mkalimani.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotufadhili hawapendi kulisikia. Karibu kila kituo kinafundisha ushonaji na ususi. Ni kazi njema, lakini tembea Nsambya uhesabu cherehani zilizopangwa barazani, halafu hesabu wateja. Wakati huohuo Kampala inajengwa usiku na mchana, na fundi bomba mwaminifu anatafutwa kama dawa. Wasichana wetu wafundishwe bomba, umeme, vigae na kutengeneza simu. Wazazi watanung'unika kidogo, kisha watazoea pale kodi ya nyumba itakapolipwa kwa wakati.

Halafu siku ya mahafali inapita, picha zinapigwa, na kijana anarudi nyumbani na cheti bila koleo. Hapa ndipo wengi huanguka. Fedha za serikali za kuanzia, kama zile za mpango wa maendeleo ngazi ya parokia, PDM, zinadai namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo mkimbizi hana. Benki zinataka dhamana. Nimemwona binti mmoja aliyefuzu vizuri akikodi cherehani kwa siku, na kila jioni karibu nusu ya alichopata ikaenda kwa mwenye mashine.

Kinamama wachache wa mtaa wetu wameligeuza hili kwa njia tuliyoizoea tangu nyumbani, ya likelemba, yaani kuchangiana kwa zamu. Wako kumi. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa alichokubali kutoa, na mweka hazina anaandika kwenye daftari lenye jalada la plastiki. Wamewekeana sharti moja tu jipya: zamu ikimfikia mtu, hapewi noti. Wawili wanakwenda naye sokoni Owino, cherehani inajaribiwa mbele yao kwa kipande cha kitambaa, mshono unavutwa kwa nguvu waone kama utafumuka, ndipo fedha zinatoka. Hadi naandika haya, wanne wameshapata mashine. Wa tano ni yule binti.